Ubatizo wa Papa Tshimanga

Katika kanisa letu la Panda, mtaa wa Likasi, mimi ndiye ninayepitisha sahani ya mkate siku ya Meza ya Bwana, na sitaki mtu anishike mkono. Watu wanasema Mama Mwadi ana roho ngumu. Waseme. Tangu nipewe kazi hii mkate haujaanguka chini hata mara moja, vikombe havijapotea, na hakuna mtu ambaye hajabatizwa aliyewahi kula mbele ya macho yangu. Sisi hatuna msalaba ukutani, hatuna sanamu, hatuna mishumaa. Alama zetu ni tatu tu: maji, mkate, na ile juisi nyekundu ninayoinunua sokoni asubuhi ya Jumapili. Kwa vile ni tatu, nazilinda.

Papa Tshimanga alikuja kwetu miaka minne iliyopita, akimfuata Mama Suzanne. Wote wawili walikuwa wamefiwa, wote wamekula chumvi nyingi, na walioana wakati wajukuu wao wenyewe walikuwa wameanza kuposwa. Baba huyo ni mstaafu wa Koni, kwenye mitambo ya umeme ya mto Lufira, alikofanya kazi miaka ishirini na saba. Ni mtu nadhifu. Shati lake limepigwa pasi hata siku ya kwenda kununua makaa, na kalamu haimtoki mfukoni. Alizaliwa katika familia ya Kikatoliki ya watu waliotoka Kasai, akabatizwa akiwa mchanga, kwa maji kidogo kwenye paji la uso. Kwetu hayo hayatoshi. Kwetu mtu anazamishwa mzima, na asiyezamishwa hali mkate wa Bwana.

Basi kila Jumapili ya kwanza ya mwezi nilifika kwenye benchi lao, Mama Suzanne akachukua kipande chake, nami nikaipitisha sahani juu ya magoti ya bwana yake kana kwamba nafasi ile haina mtu. Mara ya kwanza nilimwonea huruma. Mara ya kumi nilikuwa nimezoea.

Si kwamba hakuitwa. Pasta Hénoc, ambaye ni kijana lakini anajua kufundisha, alimwita kwenye mafundisho ya ubatizo mara tatu. Na mara zote tatu Papa Tshimanga alikuja na kalamu yake, akakaa mbele, akabishana. Nilikuwepo. Pasta alieleza kwamba maji ni alama, yanaonyesha kwa nje jambo ambalo Mungu amefanya ndani. Papa Tshimanga akanyosha kidole.

"Pasta, kama maji ni alama, yuu ya nini inaomba maji yote ile? Ku Koni, ku mulango ya courant, ya umeme, tulikuwa na alama ya kichwa ya mufu na mifupa mbili chini. Kamoja tu, kadogo. Kila muntu alielewa. Haikuomba balete maiti nzima."

Watu walicheka mpaka benchi likatikisika. Mimi sikucheka. Pasta alingoja wanyamaze.

"Papa, batême ni kaburi," alisema. "Hauwezi kuzika muntu na kumumwangia udongo kidogo tu ku kichwa."

Papa Tshimanga aliliandika jibu lile kwenye daftari lake, akapiga mstari chini yake, na wiki iliyofuata hakurudi. Nikasema moyoni, huyu mzee ana kiburi, amezoea kusoma mita na sasa anataka kumpima Mungu. Nilisema hivyo pia kwa watu wengine wawili au watatu. Sikuwa na haki, lakini nilisema.

Halafu ikaja Pasaka ya mwaka huu. Kanisa lilijaa mpaka nje, nikalazimika kumpa Mama Sylvie sahani ya pili. Mama Sylvie alikuwa mgeni kwetu, hakujua nani ni nani. Alimnyoshea Papa Tshimanga sahani, na yule mzee, sijui alifikiri nini, akachukua. Niliona kutoka upande wa pili. Nilivuka kanisa lote mbio mbio na viatu vyangu vya kisigino, nikakitoa kile kipande katikati ya vidole vyake, nikakirudisha sahanini.

"Pardon, mama," alisema.

Aliangalia magoti yake. Mama Suzanne alikuwa na kipande chake mkononi, na aliponitazama nilitamani sakafu ya kanisa ipasuke. Nimefanya kazi hii miaka mingi na siku hiyo ndiyo siku pekee niliyoona haya kuwa na sahani ile mkononi.

Kesho yake Papa Tshimanga alikuja kwenye meza yangu sokoni, maana mimi nauza mikate. Alinunua miwili. Kisha akatoa kalamu yake mfukoni akanipa mimi.

"Mama Mwadi, uandike jina yangu. Batême ya mwezi ya kenda. Nilisha kuchoka kuangalia magoti yangu."

Niliandika jina lake kwa herufi kubwa. Tangu siku hiyo nilitafuta namna ya kumlipa kwa lile jambo la Pasaka, na hapo ndipo nilipoharibu kila kitu.

Kwa kawaida tunabatizia kwa Papa Blaise, anayefyatua matofali. Ana bwawa la saruji uani kwake, la kuwekea maji ya kazi. Maji yake ni ya kijivu, na ukitoka humo unakuwa na matope kwenye nywele. Nikawaza: mtu ametumika kwenye Lufira miaka ishirini na saba, maisha yake yote ni mto ule, halafu tumzamishe kwenye maji ya matofali? Nilimfuata Pasta, nikamwambia twende mtoni, chini ya Koni, pale wanawake wanapofulia, ambapo maji ni mapana na yametulia. Iwe zawadi yetu kwa mzee. Pasta akafurahi. Tulichanga, tukakodi kamyo, lori la mizigo, na Jumapili moja tukatangaza mbele ya kanisa lote. Watu wakapiga makofi. Papa Tshimanga akasimama, akashukuru kwa adabu, akakaa. Nilimwona jasho linamtoka kwenye paji la uso. Nikadhani ni furaha.

Siku yenyewe ilikuwa Jumamosi ya Septemba, joto na vumbi. Kwenye kamyo tuliimba njia nzima. Walikuwa watatu wa kubatizwa, wote wamevaa nguo nyeupe: Bénie anayeuza vocha za simu, Willy mchimbaji, na mzee wetu. Mzee alikaa juu ya gurudumu la akiba, ameshika mkono wa mke wake, na hakuimba hata neno moja.

Bénie aliingia akatoka akiruka ruka. Willy aliingia akatoka analia kwa sauti, mwanaume mzima wa mashimoni, nasi tukalia naye. Ikafika zamu ya Papa Tshimanga. Alivua viatu, akaviweka sambamba. Aliingia mpaka magotini, akasimama. Akaokota kijiti kilichokuwa kinaelea, akakitupa mbele, akakitazama kinavyokwenda, midomo yake inahesabu.

"Inatembea," alisema. "Inaonekana imelala, lakini chini inatembea."

Pasta alikuwa amesimama kwenye maji ya kifuani, amenyosha mikono. Alimwita mara mbili. Mzee hakusonga. Papa Lambert, kiongozi wetu wa maombi, akafumba macho pale ukingoni akaanza kuikemea roho ya woga.

"Papa Lambert, uache," nilimwambia. "Weye unaogopaka ata mbwa ya Blaise."

Akafumbua macho. Lakini mzee alikuwa ameshageuka. Alitoka majini, akaketi kwenye majani, akaanza kuvaa soksi zake juu ya miguu iliyolowa. Nikaenda kukaa karibu naye kwa sababu nilijua kwamba jambo hili ni langu.

"Papa, ni nini?"

"Mama Mwadi, minye siogope batême. Naogopa maji." Alivuta soksi polepole. "Ile bassin ya Blaise nilienda kuiona mara tatu. Niliipima. Mètre moja na makumi mbili. Maji yake inalala kabisa. Mara ya tatu niliingiza kichwa, nikahesabia mpaka ine. Nilikuwa tayari."

"Na shiye tulikuletea Lufira."

"Mulileta na mapendo. Bantu bote banapiga makofi, ningesema nini?" Aliutazama mto. "Hii maji nilifanya nayo kazi, nayua nguvu yake. Ku Koni, wakati ya kusafisha grille, ile wavu ya chuma ya kuzuia takataka, nilikuwa naingia na kamba mu kiuno, na mwenzangu ku mwisho ya kamba. Myaka makumi mbili na saba, sikuingia hata siku moja bila kamba. Njo maana niko hapa."

Kwa hiyo hakikuwa kiburi. Maswali yake yote darasani yalikuwa ya mtu anayetafuta mlango wa kutokea. Na mtu huyu, bila kumwambia yeyote, alikuwa amekwenda mara tatu uani kwa Blaise kujizoesha kuzama, akiwa na miaka sabini na moja, nami nikamnyang'anya bwawa lake kama nilivyomnyang'anya mkate. Nilitaka kujipiga kofi.

Pasta alikuja, maji yanamtiririka. Nilipomweleza, aliinama kwa mzee akamwambia hakuna shida, tutangoja tumfanyie kwa Blaise. Papa Blaise mwenyewe akakohoa nyuma yetu. Aliposikia tunakwenda mtoni, alisema, alimaliza maji yote kwa kufyatua matofali, na mtaani kwake bomba halitoi maji tangu Julai. Bwawa litajaa mvua zikija.

"Ntangoya muvua," alisema Papa Tshimanga. "Nilisha kungoya myaka ine."

Ndipo Mama Suzanne aliposema. Mama huyu haongei sana. Anauza samaki wakavu, na hata bei anaitaja kwa vidole.

"Minye sitangoya," alisema. "Muvua iko mbali, na weye uko na myaka makumi saba na moja. Myaka ine nakula Sainte Cène, Meza ya Bwana, peke yangu, na bwana yangu iko karibu, anaangalia magoti. Ile mukate inanikwama ku shingo. Mwenzako ku mwisho ya kamba, alikuwa nani?"

"Kila mara muntu wa zamu," alijibu mzee.

"Basi leo ni zamu yangu."

Akafungua kitenge chake cha juu, kile tunachovaa juu ya kingine, akakikunja kwa urefu. Akanitazama. Nikafungua changu. Mama Sylvie akafungua chake, na kwaya nzima ikafuata, mpaka vikawa vinane, vya kila rangi. Pasta Hénoc akapata wasiwasi.

"Bamama, ngojeni kidogo. Batême iko na maana yake. Bantu bakiona kamba, batauliza kamba ni alama ya nini. Minye ntasema nini? Haiko mu Maandiko."

"Iko," alisema Mama Suzanne. "Nabii Yeremia, wakati balimutupa mu kisima. Balimutosha na nini?"

Pasta aliifungua simu yake aliyokuwa ameiacha ukingoni, akasoma kimya, midomo inachezacheza. Tulimwona anafika mahali penyewe. Nabii alitolewa kwa kamba, na chini ya makwapa walimwekea matambara ya nguo zilizochakaa ili asiumie. Akafunga simu.

"Bon," alisema. "Fungeni."

Tulifunga. Mzee akaja kukagua, na hapo ndipo nilipomwona yule mtu wa Koni. Alivuta kila fundo kwa mguu na mkono. "Hii itaachana," akalifungua langu. "Hii pia." Alifungua mafundo yote saba ya akina mama, akayafunga upya mwenyewe, bila haraka, huku kanisa zima linaungua jua. Willy akauliza kama mwisho wa kamba tuufunge kwenye mti.

"Hapana. Muti haisikie kama muntu anaenda," alisema mzee. "Muntu njo anasikia."

Akamfunga mke wake kiunoni, akatuachia mkia mrefu wa kamba nyuma yake, akajifunga mwenyewe. Mimi nikashika kamba nyuma ya Mama Suzanne, na kwaya nyuma yangu. Akatupa maagizo kama anaanza zamu.

"Nikivuta mara moja, niko muzuri. Nikivuta mara mbili, muvute minye. Mulisikia?"

Tuliitika. Akaingia. Magoti, mapaja, kiuno. Alikuwa mweupe wa nguo, na mgongo wake umenyooka sana. Alipofika kwa Pasta, Pasta akamshika begani, kisha nikaona mkono wa pili wa Pasta unapita taratibu chini ya kamba na kuishika, na hapo nikajua kwamba Pasta wetu pia hajui kuogelea.

"Papa Tshimanga, uko tayari?"

"Ngoya."

Tulingoja.

"Uko tayari?"

"Ngoya tena kidogo." Aligeuka kumtazama mke wake. Mama Suzanne alikuwa ameingia majini mpaka kiunoni na hakujua kwamba ameingia. Alimpungia mkono, kama anavyompungia mteja sokoni kwamba bei ni hiyo, aje. Mzee akafumba macho. "Sasa."

Pasta akatamka majina matatu, akamlaza nyuma. Nguo nyeupe ikapotea. Maji yakafunga juu yake kana kwamba hakuwahi kuwepo, na nilielewa jambo ambalo nilikuwa nimelisikia miaka yote bila kulitazama. Pasta alikuwa amesema ni kaburi. Ni kaburi kweli, na linatisha, na mtu asiyetishika hata kidogo labda hajaona anapoingia. Tulikuwa tumemzika Papa Tshimanga.

Kitenge kikakaza mikononi mwangu. Mara moja.

"Moya," alisema Mama Suzanne. "Alivuta moya. Iko muzuri. Bamama, iko muzuri kule chini."

Akaanza kulia na kucheka kwa pamoja. Mzee akaibuka, anakohoa, macho makubwa, mikono juu. Na kwaya, kwa furaha, ikasahau maagizo yote ikavuta. Tulimvuta kinyumenyume mpaka ukingoni pamoja na Pasta aliyekuwa bado amening'inia kwenye kamba, na kiatu kimoja cha Pasta kikaenda na Lufira. Mzee alikaa kwenye matope, amelowa chapachapa, akasema kwamba ku Koni tungefukuzwa kazi wote. Sijawahi kucheka namna ile kwenye ibada.

Habari zilifika Likasi kabla ya kamyo. Wiki nzima sokoni watu walinijia na maswali: ni kweli kule Panda mnabatiza watu kwa kamba? Dada mmoja wa kanisa jirani alitaka kujua kama ni mafunuo mapya na rangi za vitenge zina maana gani. Nilimwambia changu kilikuwa cha kijani na maana yake ni kwamba nilikinunua kwa bei nzuri. Pasta alilazimika kutangaza kwamba kamba si fundisho la kanisa. Haikusaidia, vijana wawili walikuwa wameshajiandikisha kwa mwaka ujao, wakauliza kama kamba itakuwepo.

Jumapili ya kwanza ya Oktoba niliamka mapema kukata mkate. Niliukata vipande vidogo kama kawaida, kila kimoja ukubwa wa ukucha wa kidole gumba, kimoja kwa kila mtu na hakuna ziada. Kanuni hiyo niliiweka mimi. Nilijiapisha kwamba leo nitampa mzee yule kwa mikono miwili.

Nilifika kwenye benchi lao. Mama Suzanne akachukua. Na mkono wangu huu, baada ya miaka minne, ukapita wenyewe juu ya magoti ya Papa Tshimanga bila kuniuliza, ukaenda kwa mtu wa pili.

"Mama Mwadi," alisema kwa sauti ya chini, "minye nilisha kulowana."

Mabenchi matatu yakaangua kicheko. Uso ukaniwaka moto. Nikarudi, nikamnyoshea sahani kwa mikono miwili, akachukua kipande, na papo hapo akakitia mdomoni akakimeza.

Sasa, kwetu hakuna anayekula kabla ya neno la Pasta. Kila mtu anashika kipande chake mpaka wote wapate, kisha tunakula kwa pamoja. Mzee alikuwa ameyaona hayo mara arobaini na kitu, lakini kuona siyo kushika. Aliangalia kulia, akaangalia kushoto, akaona watu wote wana mkate mkononi na yeye hana. Akanitazama mimi, na uso wake ulikuwa na aibu ile ile ya Pasaka.

Sahani yangu ilikuwa imeishiwa, maana benchi lao lilikuwa la mwisho. Nilisimama pale nikitafuta hata chembe, na kama ningeipata ningempa, kanuni ibaki huko ilipo. Sikuipata. Pasta alikuwa ameshainua mkate wake juu.

Mama Suzanne alikivunja kipande chake. Kitu kile ni kidogo, kukivunja kunahitaji kucha. Alikigawa katikati ya vidole, polepole, akaweka nusu kwenye kiganja cha bwana yake, akamkunja vidole vyake juu yake ili asiile tena kabla ya wakati.

Pasta akasema tule. Tulikula. Nusu kama ile huwezi hata kuihisi ulimini, lakini Mama Suzanne aliitafuna muda mrefu, na safari hii ikashuka bila kumkwama.